Mji wa mlimani unaokua kwa utalii: nipime nini, na kipi huharibika kwanza?

mpango_mji

Habari wakuu. Naomba mchango wa wenye ujuzi wa mipango miji na utalii wa milimani.

Tathmini ninayoandaa ni ya mji mdogo ulio kwenye njia ya kupandia mlima maarufu. Sensa inaonyesha wakazi wameongezeka kidogo tu, ila kwenye picha za setilaiti eneo lililojengwa linakaribia kuwa maradufu, na sehemu kubwa ya majengo mapya imebanana kando ya mto na kwenye miteremko iliyo juu ya barabara. Kila mtu anasema ni utalii. Huenda ni kweli, lakini nataka kithibitike kwa hesabu, maana barabara nayo iliboreshwa kipindi hichohicho.

Nauliza matatu. Utalii unageukaje kuwa mji, hatua kwa hatua? Nitautenganishaje na sababu nyingine za ukuaji? Na kati ya maji, majitaka, ardhi na makazi ya wafanyakazi, kipi hulemewa mapema zaidi?

---

nyanda_za_juu

Mkuu, hesabu vitanda kabla ya kuhesabu wageni. Mgeni anayefika asubuhi na kuondoka jioni huacha foleni na taka, lakini hajengi mji. Kinachojenga mji ni usiku anaolala. Kila kundi la vitanda vya wageni huvuta nyuma yake kitanda cha mfanyakazi, na mfanyakazi huyo naye anataka chumba, maji, zahanati, shule ya mtoto na fundi wa kumtengenezea pikipiki.

Mlolongo huanza na njia ya kufika. Zermatt kule Uswisi ilishakuwa na hoteli chache za wapanda milima, lakini reli kutoka Visp, iliyofika mwaka 1891, ndiyo iliyoufungulia mji wageni kwa wingi. Nepal, kiwanja cha ndege cha Lukla kilijengwa mwaka 1964 kwenye mwinuko wa takriban mita 2,850, na kuanzia hapo Namche Bazaar, iliyokuwa kituo cha biashara kwenye mita 3,440, ikageuka mji wa nyumba za kulala wageni. Kwa nini Namche na si kijiji kingine? Kwa sababu wapandaji hulazimika kuzoea mwinuko, na kwa kawaida hukaa hapo siku mbili. Jambo hili husahaulika sana kwenye mipango: mlimani, mahali pa kulala hupangwa na mwili wa binadamu na saa za mwendo, na ofisi ya mipango hufika baadaye.

Halafu tazama pale usafiri wa aina moja unapokoma na mwingine kuanza: mwisho wa lami, kituo cha mwisho cha treni, geti la hifadhi. Watu hushuka, husubiri, hukodi, hulala. Aguas Calientes, chini ya Machu Picchu nchini Peru, haijaunganishwa na Cusco kwa barabara. Hufikiwa kwa treni au kwa miguu, na mji mzima umejibana kwenye korongo la mto Urubamba. Magari ya watu binafsi yaendayo Zermatt hukomea Täsch, kilomita 5 chini yake, kwa hiyo maegesho yote na sehemu ya makazi yameangukia huko. Ukipima mji wa juu peke yake utakosa nusu ya jibu.

Hatua ya mwisho ni nyumba za mapumziko, na nadhani hapa ndipo sensa yako inapoachana na picha. Wapangaji wa Alps huviita vitanda baridi: viko kwenye ramani, vimeungwa maji na umeme, lakini hulaliwa wiki chache kwa mwaka. Majengo yanaongezeka, wakazi hawaongezeki. Si kosa la sensa.

Kuna na njia nyingine kabisa, ambapo mji hutangulia watu. Ufaransa ya miaka ya 1960 na 1970 ilijenga vituo vizima vya kuteleza kwenye theluji juu ya vijiji vya zamani, La Plagne ikifunguliwa mwaka 1961. Huko usitafute ukuaji wa polepole. Serikali na wawekezaji walipanga idadi ya vitanda kwanza.

---

takwimu_na_ramani

Naunga mkono hoja ya vitanda. Sasa namna ya kuthibitisha.

Anza na kipimo cha Defert, kinachoonyesha uzito wa utalii katika mji: vitanda vya wageni mara 100, gawanya kwa idadi ya wakazi. Mji wenye vitanda 3,000 na wakazi 1,500 unapata 200. Kwa viwango vyake, chini ya 4 utalii ni kama haupo, ukivuka 100 ni mji wa utalii hasa, na zaidi ya 500 ni kituo ambacho karibu kila kitu ni utalii. Hesabu ya mwaka mmoja haina uzito. Itafute kwa miaka mitano au sita tofauti uone mwelekeo. Nyumba za mapumziko zihesabiwe safu yake peke yake, usizichanganye na hoteli.

Kisha ajira. Chukua sehemu ya wafanyakazi wa hoteli, usafiri wa wageni na uongozaji katika mji wako, uigawanye kwa sehemu hiyohiyo kitaifa. Jibu likizidi 1, mji umeegemea sekta hiyo kuliko nchi kwa jumla. Wafanyakazi wa ujenzi waweke pembeni, kwa kuwa ujenzi hupanda hata pasipo utalii.

Picha za setilaiti ndizo hutega watu wengi. Setilaiti za Landsat zina kumbukumbu ya pikseli za mita 30 tangu miaka ya 1980, na zile za Sentinel-2 zina mita 10 tangu 2015. Lakini faharasa ya kawaida ya maeneo yaliyojengwa hutumia mkanda wa infraredi fupi, ambao kwenye Sentinel-2 ni mita 20. Hapo tayari umepoteza nyumba ndogo. Mlimani kuna matatizo mengine matatu. Mwamba mtupu na kokoto za mto mkavu husomeka kama zege. Kivuli cha mteremko hufuta majengo ya upande usiopata jua. Na theluji hufunika kila kitu. Fanya hivi:

1. Tumia mwezi uleule kila mwaka, jua likiwa juu na theluji ikiwa imeyeyuka.
2. Sahihisha mwanga kwa ramani ya mwinuko kabla ya kuainisha.
3. Toa kwenye hesabu miteremko inayozidi nyuzi 35 na kingo za mto, kisha zirudishe kwa kuzikagua kwa macho. Usizitupe moja kwa moja, kwa sababu kwa maelezo yako ujenzi umehamia hukohuko.
4. Kagua angalau pointi 200 za nasibu kwenye picha kali zaidi, na uandike kiwango cha makosa kwenye ripoti.

Picha ya juu haioni ghorofa. Mji uliobanwa na korongo hupanda juu, hivyo eneo linaweza kusimama huku vitanda vinaongezeka. Vibali vya ujenzi au hesabu ya ghorofa ya mtaa kwa mtaa ndivyo vitakavyokuokoa.

Mwanga wa usiku nao utumie kwa tahadhari. Data ya VIIRS, kihisi cha setilaiti kinachopima mwanga huo, iliyopo tangu 2012, ina pikseli za takriban mita 500, kwa hiyo mji mdogo unaingia kwenye pikseli chache tu. Theluji huakisi taa na kuongeza mwanga pasipo taa mpya kuwashwa. Ukilinganisha Januari na Julai utadhani umegundua msimu wa utalii kumbe umepima theluji.

Kutenganisha barabara na utalii kunahitaji mabonde ya kulinganisha. Tafuta mawili au matatu yenye mwinuko unaokaribiana, umbali uleule kutoka mji mkubwa na barabara iliyoboreshwa kipindi kilekile, lakini yasiyo na njia ya kupandia mlima. Pima ukuaji wa kila bonde kabla na baada ya barabara. Kile ambacho bonde lako limezidi wenzake ndicho unachoweza kukihusisha na utalii. Ukikosa bonde la kulinganisha, sema umeona uhusiano, usiseme umeona sababu.

---

maji_na_udongo

Swali la tatu: majitaka, karibu kila mara. Uhaba wa maji huonekana mapema kwa sababu watu hulalamika. Majitaka huharibu kimyakimya, na yakishirikiana na mteremko huharibu ardhi yenyewe.

Mji hukua nyumba moja moja, kila hoteli na karo lake (tangi la majitaka) na shimo la kunyonyea. Hoteli ya vitanda 100, kila mgeni akitumia lita 250, huingiza mita za ujazo 25 ardhini kila siku ikijaa. Kwenye tambarare yenye mchanga hiyo huenda isiwe taabu. Kwenye mteremko wenye kifusi cha maporomoko ya kale, maji hayo hujaza nafasi kati ya chembe za udongo, shinikizo lake hupunguza msuguano, na udongo huanza kutembea. Weka hoteli kumi kwenye mteremko mmoja, ongeza mvua ambayo haina mfereji wa kuipokea, na umeshaandaa maporomoko.

Joshimath, jimbo la Uttarakhand nchini India, ni mfano wa kusomwa na kila afisa mipango. Ni mlango wa kuelekea hekalu la Badrinath na miteremko ya kuteleza kwenye theluji ya Auli, na umekaa juu ya kifusi cha maporomoko ya kale. Kamati ya serikali ilionya mwaka 1976 dhidi ya ujenzi mzito pale. Januari 2023 mamia ya nyumba yalipasuka na watu wakahamishwa. Sababu zinazotajwa ni zaidi ya moja, ukiwemo mradi wa umeme wa maji ulio jirani, lakini kukosekana kwa mifereji na mabomba ya majitaka kumo katika kila maelezo ya maana.

Ukitembelea mji wako, tafuta nyufa zinazofuata kontua (mstari wa mwinuko uleule) badala ya kushuka na mteremko, milango iliyoanza kugoma kufunga, nguzo za umeme zilizoinama kuelekea bondeni, na chemchemi mpya chini ya hoteli. Chemchemi ikitoa povu au harufu, hiyo ni karo. Kagua na kuta za kuzuia udongo: zinapaswa kuwa na kokoto nyuma yake na matundu ya kutolea maji ya milimita 75 hadi 100, kila baada ya mita moja na nusu au mbili. Ukuta usio na matundu hubeba udongo pamoja na uzito wa maji, na mara nyingi hausanifiwi kwa huo wa pili. Nyumba iliyojengwa nusu juu ya ardhi iliyochongwa na nusu juu ya kifusi kilichojazwa itapasuka katikati, kwa kuwa kifusi hushuka na upande wa pili haushuki.

Kuhusu maji: miezi ya wageni wengi mara nyingi ndiyo miezi ambayo vijito vimepungua. Shimla, mji wa mlimani nchini India, ilikwama Mei na Juni 2018, joto la tambarare likiwa limewapandisha wageni mlimani, na maji yake mengi hulazimika kusukumwa na pampu kutoka mito iliyo chini sana ya mji. Kwenye vituo vya theluji, ongeza mashine za kutengeneza theluji. Mita moja ya ujazo ya maji hutoa takriban mita za ujazo 2 hadi 2.5 za theluji, kwa hiyo kufunika hekta moja kwa kina cha sentimita 30 hutaka mita za ujazo 1,200 hadi 1,500. Maji hayo yanatakiwa mwanzoni mwa baridi, vyanzo vikianza kuganda. Bila bwawa la kuhifadhi tangu kiangazi, hoteli na miteremko zitagombania chanzo kimoja.

Mtambo wa majitaka usanifiwe kwa wiki yenye watu wengi zaidi, usitumie wastani wa mwaka. Lakini usijenge tangi moja kubwa! Bakteria wa mtambo hula kinacholetwa. Msimu wa watu wachache wanakufa njaa, na wageni wakirudi ghafla hawatoshi. Kuongezeka kwao huchukua wiki, na maji yakiwa chini ya nyuzi joto 10 za Selsiasi wale wa kuondoa amonia hupungua kasi sana. Jenga njia mbili au tatu sambamba, funga moja msimu wa chini, weka tangi la kusawazisha mtiririko mbele yake, na anza kuiamsha njia iliyofungwa wiki tatu au nne kabla ya msimu. Kila jiko la hoteli liwe na mtego wa mafuta unaosafishwa kwa ratiba, kwani mafuta kwenye bomba la baridi huganda na kuziba.

---

kilele_na_bonde

Mimi natofautiana kidogo na nyanda_za_juu kuhusu njia ya kufika. Barabara nzuri si lazima ikuze mji wa mlimani. Safari ya saa sita ikishuka hadi saa mbili, mgeni anaweza kulala kwenye mji mkubwa wa bondeni na kupanda kwa siku moja. Wageni wanaongezeka, usiku unaolalwa juu unapungua, na hoteli za chini ndizo zinapanuka. Kwa hiyo pima wastani wa siku za kukaa kabla na baada ya barabara, na chora mpaka wa utafiti uingize mji wa bondeni. Pengine ukuaji unaouona juu ni nyumba za mapumziko za watu wa mjini walioletwa karibu na barabara hiyo, wala si hoteli za wapandaji.

La pili ni hatari za mlimani. Ardhi salama hujengwa kwanza, na wanaojenga baadaye huangukia mabaki: kingo za mito, mashapo mdomoni mwa makorongo, chini ya njia za theluji. Uswisi hugawa maeneo ya maporomoko ya theluji kwa rangi. Nyekundu, hakuna jengo jipya la watu: ni pale ambapo shinikizo laweza kuzidi kilopaskali 30, yaani karibu tani 3 kwa kila mita ya mraba, au pale maporomoko yanapojirudia ndani ya miaka 30. Buluu, ujenzi huruhusiwa kwa kuta zilizoimarishwa. Hata ramani nzuri ina ukomo. Galtür, Austria, tarehe 23 Februari 1999, theluji ilifika sehemu zilizochorwa kuwa salama na kuua watu 31, wengi wao wageni waliokuwa wamenasa kijijini baada ya barabara kufungwa kwa siku kadhaa. Kwa hiyo idadi ya kupangia uokoaji ni ile ya usiku uliojaa, pamoja na wale ambao hawataweza kuondoka. Aguas Calientes iliyotajwa hapo juu ilionyesha hilohilo Januari 2010: mafuriko yalikata reli, na maelfu ya wageni wakaondolewa kwa helikopta.

---

mpango_mji

Asanteni sana wakuu, hili la mji wa bondeni sikuwa nimeliweka kwenye mpaka wa utafiti, nalirekebisha. Mawili yamebaki. Kuna sheria zilizowahi kufanya kazi kuhusu nyumba za mapumziko na makazi ya wafanyakazi? Na hoteli zikitoa takwimu pungufu za wageni, nitajuaje watu wanaolala mjini ni wangapi?

---

sheria_za_ardhi

Zipo, na kila moja imeacha mlango mahali.

Uswisi walipiga kura tarehe 11 Machi 2012, na kwa asilimia 50.6 wakakubali kwamba nyumba za mapumziko zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote za manispaa. Sheria ya utekelezaji ilianza Januari 2016. Ujenzi mpya wa vitanda baridi ulibanwa kweli. Lakini nyumba zilizokuwepo au kuidhinishwa kabla ya tarehe ile ziko huru kubadilishwa matumizi, kwa hiyo mnunuzi wa mjini akikosa jengo jipya anaigeukia nyumba ya zamani katikati ya kijiji, ile aliyokuwa akipanga mwenyeji. Ukiandika kanuni ya namna hii, nyumba za zamani ziwekee masharti siku hiyohiyo.

Banff, ndani ya hifadhi ya taifa nchini Kanada, ilikwenda mbali zaidi: ardhi ni ya kukodi kutoka serikalini, mipaka ya mji haipanuki, na anayeishi pale lazima awe na kazi au biashara pale, au awe wa familia ya mtu wa aina hiyo. Mji umebaki mdogo. Ukuaji ulihamia Canmore, nje tu ya hifadhi, mji ambao mgodi wake wa makaa ya mawe ulifungwa mwaka 1979 na ambao michezo ya Olimpiki ya baridi ya 1988 iliutambulisha kwa dunia. Ndiyo sababu kanuni ya mji mmoja bila makubaliano na jirani yake huhamisha tu tatizo.

Kwa wafanyakazi, mfano ninaouona bora ni Whistler, pia Kanada. Tangu mwanzo walipanga kwa kikomo cha vitanda badala ya kikomo cha majengo, na mwaka 1997 wakaunda mamlaka ya makazi yenye nyumba zinazouzwa au kupangishwa kwa wafanyakazi tu, bei ya kuuza tena ikiwa imefungwa kwenye hati. Lengo lao ni angalau asilimia 75 ya wafanyakazi walale ndani ya manispaa. Siri iko kwenye hati: sharti likiwa kwenye kibali cha ujenzi pekee hufifia jengo likiuzwa, likiwa kwenye hati humfuata kila mmiliki.

Na mtahadharishe mtu yeyote anayetaka kukopa kwa kutegemea wageni wa kesho. Leukerbad, mji wa maji moto huko Uswisi, ulijenga miundombinu kuzidi uwezo wake na mwishoni mwa miaka ya 1990 ukashindwa kulipa madeni ya mamia ya mamilioni ya faranga.

---

maji_na_udongo

Kwa watu wanaolala: hoteli zinaweza kuficha, bomba la majitaka halifichi. Mtu mmoja huhesabiwa kuleta gramu 60 za BOD5 kwa siku, yaani oksijeni ambayo bakteria hutumia kuozesha uchafu kwa siku tano. Pima mtiririko wa siku nzima na sampuli mchanganyiko ya saa 24, si ndoo moja ya asubuhi. Mfano: mita za ujazo 1,200 kwa siku zenye gramu 250 kwa kila mita ya ujazo ni gramu 300,000, gawanya kwa 60, sawa na watu 5,000. Toa wakazi wa sensa, kinachobaki ni wageni, wafanyakazi wasioandikishwa na nyumba za mapumziko zilizofunguliwa.

Usitumie mtiririko peke yake, kwa kuwa theluji ikiyeyuka au mvua ikinyesha maji huingia kwenye chemba na kukudanganya. Majiko ya hoteli nayo hupandisha BOD5, kwa hiyo pima na amonia kwenye sampuli ileile. BOD5 ikipanda na amonia isipande, ni mafuta na mabaki ya chakula, si watu. Chukua wiki moja ya msimu wa juu na moja ya msimu wa chini, Jumamosi zikiwemo. Kwa mitaa ambayo bado iko kwenye makaro, soma mita kuu ya maji saa 8 na saa 10 usiku ili ukadirie uvujaji, uutoe kwenye matumizi ya siku, ndipo ugawanye kwa matumizi ya mtu mmoja uliyoyapima kwenye mtaa wa wakazi wa kudumu.